Bado Hawajafungua

Machi 6

Tumefika jana jioni, mvua imetusubiri stendi. Mdogo wangu alikuja kutupokea na mwavuli mmoja kwa watu watatu. Mume wangu akatangulia mbele bila mwavuli, suti yake ya kijivu ikalowa mabegani, maana hataki kuonekana mzee. Amestaafu, ana meno mawili ya bandia, lakini mzee si yeye, ni sisi.

Leo asubuhi tumekwenda moja kwa moja kwenye jengo la Bunge. Safari yote hii ni kwa ajili yake. Mume wangu amefundisha uraia tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na kila mwaka alichora ubaoni uso wa jengo hilo, akiiga picha ya kwenye jalada la kitabu: ngazi, nguzo, saa, bendera. Uso tu. Ndani hajawahi kukanyaga, na wanafunzi walipomuuliza mle ndani mkoje, alibadilisha mada. Watoto wetu walipomuuliza anataka zawadi gani ya kustaafu, hakutaka redio wala kochi. Alitaka kuingia mle, aone kwa macho yake alichokuwa akikisema miaka yote.

Lango limefungwa kwa mnyororo. Kuna karatasi imetiwa kwenye plastiki: wakubwa hawajakubaliana bajeti ya serikali, kwa hiyo huduma zote kwa wageni zimesitishwa mpaka itakapotangazwa. Bunge, makumbusho ya taifa, bustani ya serikali, vyote. Wabunge wenyewe wanaingia kwa lango jingine, magari yao tumeyaona. Askari wa pale ni mtu mzima, koti lake la mvua linampwaya. Mume wangu akamuuliza mnafungua lini.

"Bado," akasema.

"Bado ndiyo siku gani? Iko kabla ya Jumanne au baada yake?"

Nilicheka. Askari hakucheka. Tutarudi kesho.

Machi 7

Bado.

Machi 8

Bado, na mvua. Tulijaribu na makumbusho, labda wao wana huruma. Karatasi ileile, mnyororo mpya zaidi.

Machi 11

Niandike kidogo kuhusu nyumba hii, maana nje hapaendeki. Ni ghorofa ya tatu, vyumba viwili na sebule, na nguo zinakauka juu ya vichwa vyetu kwa sababu kibarazani kunavuja. Mdogo wangu anatupenda, hilo halina mjadala. Mumewe ndiye simwelewi. Ni karani wizarani, na bajeti iliyotufungia sisi Bunge imemfungia yeye ofisi. Yuko nyumbani bila mshahara. Anashinda kwenye kochi na bukta, mkononi kidhibiti cha televisheni, akingoja habari ambayo haisomwi. Nikimwamkia ananijibu kwa nyusi. Mdogo wangu anasema, "Dada, usimjali, ana mawazo." Sawa, ana mawazo. Lakini sisi ni wageni, na mgeni hasalimiwi kwa nyusi.

Yeye na mume wangu wanaitana mwanyumba, kwa kuwa wameoa nyumba moja, na utani wao ni wa tangu harusi. Leo mume wangu ametoka chumbani, akamtazama vizuri, akamuuliza kwa adabu zote, "Samahani ndugu yangu, wewe ni nani?"

Shemeji akajibu bila kuinuka, "Mimi ni mpangaji, nimechelewa kodi."

Tulivunjika mbavu. Mdogo wangu akamwaga chai. Ndiyo mara ya kwanza nimesikia shemeji akitania tangu tufike, na nikasema moyoni labda nyumba hii itakalika.

Machi 13

Bado. Njiani mume wangu amenibishia kwamba barabara ile hatujawahi kuipita. Nimemwonyesha duka la viatu, nimemwonyesha dimbwi alilokanyaga juzi. Wapi. Kichwa chake kigumu nakijua tangu uchumba.

Machi 14

Bado. Viatu vyangu vimeanza kuachia soli.

Machi 16

Leo tumegombana, na naandika hapa kwa sababu ukuta wa chumba hiki ni mwembamba na siwezi kusema kwa sauti.

Nilimwambia turudi nyumbani. Bunge halikimbii. Wakifungua, watoto watatuleta tena. Yeye alikuwa anafunga tai mbele ya kioo, ileile ya kila siku. Akasema, "Nimetoka mbali kote huko, halafu niondoke bila hata kujaribu?"

Bila hata kujaribu. Nikapandwa na hasira. Nikamuuliza kila asubuhi tunakwenda wapi, msibani? Nani ananyeshewa pale langoni, mimi au kivuli changu? Akageuka akanitazama kama mtu aliyesingiziwa wizi. Akasema polepole, "Kama hutaki kuongozana nami sema tu. Nitakwenda peke yangu."

Nikavaa viatu nikamfuata. Pale langoni akaisoma karatasi yote tangu juu mpaka chini, kidole kikifuata mistari, kisha mabega yakamshuka. Akasema, "Wamefunga, mke wangu. Bahati mbaya iliyoje." Nilimwona mnafiki. Nilidhani ananiigizia ili nimwonee huruma.

Machi 19

Nina mafua. Shemeji ameinuka kwenye kochi, amevaa suruali, akasema atamsindikiza mwanyumba wake. Wametoka pamoja kama watu wanaokwenda kazini, mmoja na suti, mwingine na mkoba wa ofisi ambao najua hauna kitu ndani. Angalau kochi limepumzika.

Machi 20

Wamekwenda tena. Bado.

Machi 22

Shemeji amesimulia jambo wakati wa chakula, macho yake yakiwa kwenye sahani. Askari wa lango leo amekuja juu. Alimwambia mume wangu, "Mzee, mimi nakuheshimu. Lakini kila siku unakuja unaniuliza swali lilelile, unajifanya hunijui. Mimi si wa kuchezewa." Na mume wangu akamgeukia shemeji, akasema mtu huyu hajawahi kumwona.

"Alikuwa anamtania," nikasema.

"Ndiyo, shemeji," akasema. "Si unamjua mwenzio."

Hakunitazama. Mume wangu naye alikuwa anakula kwa utulivu, kama habari ile inamhusu mtu wa mtaa wa pili.

Machi 24

Mashati yake yote nimemshonea mimi. Kazi yangu ni cherehani, na kitu kilichokaa upande nakiona kabla sijakitafuta. Leo kifungo cha juu kiliingia tundu la pili, na vingine vyote vikafuata mkumbo. Nikamfungua, nikamfunga upya. Akasema, "Ahsante sana, mama," kwa adabu ambayo hajawahi kunitumia. Sikupenda.

Machi 25

Bado. Mvua haikatiki.

Machi 29

Leo nilikwenda na roho mkononi, na imerudi, lakini haiko sawasawa.

Asubuhi shemeji aliitwa kwenye mkutano wa wafanyakazi. Mimi na mdogo wangu tulikuwa chumbani tunapunguza mapazia ya jirani. Mume wangu alikuwa sebuleni anasikiliza redio. Tuliisikia redio muda wote, ndiyo maana hatukuwa na wasiwasi. Nilipotoka kumpelekea chai, redio ilikuwa inazungumza na kochi. Suti haipo msumarini.

Nilikimbia na kandambili. Mdogo wangu alishika njia ya sokoni, mimi nikashika ya Bunge. Mvua ilikuwa inapiga kwa ubavu. Nilipofika langoni askari akanitangulia kusema, "Leo hajapita. Nami nimeshangaa." Sijui uso wangu ulikuwaje, maana alifunga kibanda chake, akachukua mwavuli akanifuata. Tukauzunguka uzio.

Nyuma ya Bunge kuna mapipa ya taka, matangi ya maji na mabomba ya vyoo yanayoshuka ukutani. Hakuna nguzo, hakuna bendera. Alikuwa amesimama pale karibu na mapipa, ameloa chapachapa, ananyosha kidole hewani, anakisogeza, midomo inacheza. Alikuwa anahesabu watu ambao hawapo.

"Kuna mmoja simwoni," akaniambia. Alikuwa anatetemeka.

"Nani?"

"Wa darasa langu. Nimekuja nao wote. Mmoja simwoni. Nitawaambia nini wazazi wake?"

Nilimkaripia. Naliandika hivyo hivyo lilivyokuwa. Nilimshika mkono nikamwambia watoto gani, umestaafu, unataka kuniua kwa presha, hebu acha upuuzi twende. Akaanza kulia. Mtu huyu hakulia siku tuliyomzika mama yake, alisimama kama mlingoti akawapokea wageni. Leo amelia kwa sauti mbele ya mapipa ya taka, anaita watoto kwa majina, na mengine nayafahamu, ni watu wazima sasa wenye wajukuu.

Askari ndiye aliyesogea. Akamfunika kwa mwavuli, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwalimu, yule mmoja yuko kwangu kibandani. Alikuwa anasikia baridi, nikampa koti langu. Wenzake wameshapanda gari. Unasubiriwa wewe."

Mume wangu akashusha pumzi. "Wote wapo?"

"Wote."

Akampa mkono. Akasema, "Umeniokoa, bwana. Sikujui, lakini umeniokoa."

Ndipo nilipoelewa. Haikuwa ubishi, wala utani. Alipomuuliza shemeji wewe ni nani, alikuwa hamjui. Aliposema barabara ile hatujaipita, kwake hatukuwa tumeipita. Kila asubuhi alipofunga tai mbele ya kioo, alikuwa anakwenda Bunge kwa mara ya kwanza, na kila asubuhi aliisoma karatasi ile kwa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa pembeni yake nimenuna.

Machi 31

Ana homa. Nimemkalisha kitandani na blanketi mbili. Shemeji ameleta uji mwenyewe, kisha akasimama mlangoni hajui aondoke au akae. Nikamwambia akae.

Akasema, "Shemeji, mimi nilishahisi. Mwanzo nilidhani ni utani wetu, nikamjibu kwa utani. Halafu asubuhi moja nikamjibu jina langu la kweli. Akanipa mkono, akasema amefurahi kunifahamu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzaje? Wewe ulikuwa unacheka."

Kumbe alikuwa anatoka kwenye kochi kila siku na mkoba mtupu ili mwenzake asipotee. Na mimi nilimwandika humu kama mtu asiye na salamu. Nimeuacha ukurasa ule, sitaufuta, unikumbushe mdomo wangu.

Aprili 3

Tumekwenda kwa daktari, mwanamke mtaratibu mwenye miwani ya kamba. Alimuuliza leo ni siku gani. Mume wangu akasema, "Daktari, kama wewe mwenye kalenda ukutani hujui, mimi mgeni nitajuaje?" Mdogo wangu akacheka, nami nikacheka, mazoea. Daktari peke yake hakucheka. Aliandika.

Kisha akaniita pembeni. Hali hii haitarudi nyuma, alisema, itakuwa inasogea mbele tu. Kuna siku zitakuwa nzuri, nisizitegemee. Akashauri nimrudishe nyumbani kwenye vitu anavyovizoea, na akiniambia jambo lisilo kweli nisishindane naye.

Sijamrudisha. Nimekaa na mdogo wangu jikoni nikamwambia ninachotaka: nataka aingie mle ndani akiwa bado anajua anaingia wapi. Baada ya hapo yaje yanayokuja. Mdogo wangu akasema, "Kaeni mpaka mchoke, dada." Basi sasa tunashindana mbio, bajeti ya wakubwa na kichwa cha mume wangu, na mimi sina la kusukuma upande wowote.

Aprili 5

Bado. Askari sasa anatuona tukiwa mbali. Amegeuza karatasi nyuma mbele, na mume wangu alipouliza, alimwambia, "Leo wanapiga rangi, Mwalimu. Utachafua suti." Akaridhika. Ni bora kuliko yale mabega kushuka.

Aprili 6

Rangi bado mbichi.

Aprili 9

Amenijua siku nzima. Ameniita kwa jina la utoto wangu, ameniambia chai haina sukari, amekosoa pindo nililoshona. Nimefurahi kukosolewa.

Aprili 10

Leo mimi ni mwalimu mkuu wake wa zamani. Ameniomba ruhusa ya kwenda chooni.

Aprili 14

Redio imesema. Wamekubaliana. Jumatatu ofisi zote zinafunguliwa, na wageni wanakaribishwa tena. Shemeji amenyoa ndevu, amepiga pasi mashati yote matatu, ameimba bafuni. Mdogo wangu amelia kidogo kwa furaha. Mimi nimemwambia mume wangu polepole, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila mara amefurahi upya, na mimi nimefurahi pamoja naye. Hilo ndilo zuri pekee nililoliona katika ugonjwa huu.

Siku ziende tu. Akae hivi hivi alivyo mpaka Jumatatu, siombi zaidi.

Aprili 17

Mvua imekatika. Mawingu yako palepale, lakini hayadondoshi kitu.

Mnyororo haukuwepo. Askari alikuwa amevaa sare safi, bila lile koti, nikamwona kwa mara ya kwanza kuwa ni mtu mwembamba. Kulikuwa na foleni ya wanafunzi na wazee wachache. Alipotuona akatuita mbele ya wote. "Mwalimu, rangi imekauka. Karibu."

Mume wangu akasimama. Akalitazama lango, akanitazama mimi, akatabasamu kama mtu anayeoneshwa mzaha asiouelewa.

"Si tuliingia jana?" akasema.

Nikamwambia hapana, leo ndiyo wamefungua. Akacheka. "Unanitania. Jana tumezunguka mpaka miguu ikaniuma. Lile zulia la kijani. Ile sauti ya yule mtoa maelezo, ilikuwa inarudi kutoka kwenye dari. Wewe ulivua viatu, ukasema zulia lile ni zuri mno kukanyagwa, yule mama wa mapokezi akakucheka. Nilisimama pale wanapokaa wabunge nikasema, kumbe ni padogo hivi." Akatikisa kichwa. "Padogo, lakini pazuri. Nimeridhika, mke wangu. Twende nyumbani, nimechoka."

Alikuwa anajua yuko wapi. Alikuwa ananijua mimi. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona usoni kwake tangu tushuke kwenye basi. Nilifungua mdomo nimwambie ukweli, maana nilikuwa nimeungojea mlango ule kwa majuma, na nikakumbuka maneno ya daktari, nikaufunga mdomo.

Askari akaninong'oneza, "Mama, ingia wewe. Nitakaa naye kibandani. Umetoka mbali."

Na mimi nilitaka. Nisijifanye mtakatifu humu. Nimenyeshewa pale kuliko mwanamke yeyote wa nchi hii, na mlango ulikuwa wazi, nikaona nyayo za maji za watu zikipotelea ndani kwenye sakafu. Sikuona kama kuna zulia. Huenda ni la kijani, huenda hakuna kabisa. Lakini kama ningeingia, ningetoka nikiwa najua, na kila atakaponisimulia, nitakuwa namsikiliza mtu anayekosea. Tumeishi pamoja maisha yote na vitu vingi tumeviona wawili. Sasa ataanza kuviacha kimoja kimoja, na mimi nitabaki navyo peke yangu. Hiki kimoja alikuwa ananipa yeye. Na mimi nilikuwemo, nimevua viatu.

Nikamwambia askari, "Ahsante, baba. Sisi tulishaingia."

Alinitazama kidogo, kisha akapiga saluti. Mume wangu akaipokea kama haki yake.

Aprili 19

Naandika ndani ya basi, herufi zinaruka. Mdogo wangu na shemeji wametusindikiza stendi. Shemeji aliomba ruhusa kazini siku yake ya tatu, nikamgombeza kwa hilo, akanijibu kwa nyusi. Safari hii nimezielewa.

Jirani yetu kwenye kiti cha upande wa pili ni mama mnene mwenye kikapu, msemaji. Ametuuliza tumetoka wapi, na mume wangu akaanza. Zulia, dari, sauti, viatu vyangu. Anasimulia vizuri, sauti yake ya darasani imerudi, hata kondakta amesimama kusikiliza. Yule mama akanigeukia. "Na wewe, mama, ulipenda nini zaidi?"

Sikuwa nimejiandaa. Nikasema, "Kile kiti cha spika. Huyu alikikalia, askari akaja kumfukuza."

Wote wakacheka, kondakta zaidi. Mume wangu alicheka nao, halafu akaacha. Nikaona anatafuta. Macho yake yalikuwa yanakwenda huku na huku kwenye kiti cha mbele, kama mtu anayepapasa mfuko uliotoboka.

"Hiyo ya kiti," akasema, "mbona mimi siikumbuki?"

Sauti ilikuwa ndogo, na ilikuwa na hofu. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akiogopa jambo hilo, na nimemtia hofu mimi, kwa kutaka kunogesha hadithi. Yule mama akatazama dirishani.

Nikamwambia, "Basi mimi ndiye nimechanganya, baba watoto. Itakuwa ni kitu nilichokiona kwenye televisheni kwa shemeji. Siku hizi nasahau sana."

Akanitazama kwa muda mrefu. Hofu ikamtoka usoni, ikaja huruma, ile yake ya zamani aliyokuwa nayo kwa mtoto asiyeshika somo. Akaushika mkono wangu, akauweka juu ya goti lake.

"Usijali, mke wangu," akasema. "Nitakuwa nakukumbusha."